Gari la Baba na Mkwe Asiyetazamwa

Juzi nilipeleka gari kwa fundi, na alipomaliza akanawa mikono kwa mafuta ya taa kwanza, kisha akaisugua kwa sabuni ya kipande. Mimi nikabaki nimesimama pale, funguo mkononi, nimesahau hata nilikokuwa nakwenda. Fundi akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna. Lakini lilikuwepo. Ile harufu ya mafuta ya taa na sabuni juu ya ngozi yenye grisi ni ya mikono ya baba yangu, na baba yangu aliniachia jambo moja ambalo nimelizungusha kichwani tangu utotoni, nikaolewa nalo, nikazaa nalo, na sasa nina wajukuu bado sijalielewa. Nalisimulia kwa nyie wa rika langu, mliolelewa na wazazi wasioeleza kitu. Wa leo watauliza, "Sasa si ungemwuliza?" Haya, waambieni nyie.

Tulikaa Kambarage, Shinyanga mjini, nyumba ya bati yenye ua wa minyaa. Baba alifanya biashara ya mashudu ya pamba na pumba, akiwapelekea wafugaji vijijini kwa pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyehamia Mwanza. Rangi yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyochacha. Gia zake zilikuwa za kwenye usukani, tatu na ya kurudi nyuma. Mkono wa gia haukuwa chini kati ya viti kama magari mnayoyajua. Ulichomoza pembeni ya shingo ya usukani, na mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Kutoka kwenye ule mkono kulishuka vyuma viwili virefu mpaka kwenye gia boksi. Vyuma hivyo vikilegea kidogo tu, umekwisha. Unaweka ya pili, gari linadhani umesema ya nyuma. Au gia mbili zinang'ang'aniana, mkono haupandi wala haushuki, na dereva anashuka kwenda kufungua boneti huku akitukana watu wasiokuwepo.

Vipuri vya kununua havikuwepo. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, bushi za gia ungezitoa wapi? Baba alizichonga mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe, akizisugua kwa msasa mpaka zikawa laini. Kisha anaingia chini ya gari na kuanza kurekebisha vile vyuma. Huko chini ya usukani kulikuwa na vipande viwili vya chuma vyenye matundu, na kazi yote ilikuwa kuyafanya matundu hayo yatazamane. Yakitazamana, anapitisha msumari mrefu katikati, anakaza nati, anautoa msumari, gia zimekaa sawa. Lakini wakati anakaza, lazima mtu awe mbele ameshika mkono wa gia uwe fri, yaani gari lisiwe kwenye gia yoyote, na asitikisike hata nzi akimtua puani. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Msinione hivi, kazi ile niliipenda! "Minza, shika fri! Usihemee juu!" Nashika. Baada ya hapo yanakuja majaribio. "Moja!" Nakanyaga klachi kwa miguu yote miwili, karibu nisimame juu yake, navuta mkono. "Imeingia?" "Imeingia!" "Mbili!" "Imeingia!" Wasichana wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje ya ua, wakinionea wivu, au mimi nilijisemea hivyo. Mkono wa gia ukiingia mahali pake unausikia kwenye kiganja, na kwa kiganja changu kidogo kile nilijua gia iliyoingia na gia inayodanganya. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonichanganya akili baadaye.

Sasa bibi. Bibi mzaa mama alikaa kijijini, upande wa Mhunze. Alikuja kwetu mara moja moja, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu na kanga mbili mwilini, moja ya kuvaa, moja ya kujifunika. Hakuingia moja kwa moja hata siku moja. Alisimama nje ya minyaa na kukohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, kilikuwa kikohozi cha makusudi, kikubwa. Na kikohozi hicho kikisikika, baba yangu, mwanaume wa miraba minne aliyebeba gunia la pumba kwa bega moja, alipotea. Nasema alipotea. Anaacha chai, anaacha redio inaongea peke yake, anatokea mlango wa nyuma. Siku moja alitokea dirishani na kiatu kimoja mguuni.

Mama anaendelea kupepeta mchele, bibi anaingia, anaketi, anaulizia habari za kila mtu na "yule" hajambo? Hajambo. Basi. Mimi nakodoa macho.

Siku ambayo sitaisahau, baba alikuwa chini ya gari pale uani, anarekebisha gia, nami nimeshika fri. Kikohozi kile! Hakupata nafasi ya kutoka. Bibi akaingia, akaona miguu miwili ya mkwewe imechomoza chini ya pikapu, na palepale akageuza kigoda akaupa ule upande mgongo. Nilidhani hakuona. Nikashuka mbio kumsaidia.

"Shikamoo bibi! Baba yupo pale, chini ya gari! Miguu yake ile!"

Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. Bibi akanivuta kwake kwa upole. "Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyonitania, "haya macho ya uzee hayaoni miguu wala gari."

"Gari lote lile bibi huoni?"

"Gari gani?" akasema bibi. Mama akainamisha uso kwenye ungo, mabega yanamtikisika.

Alikaa mpaka jua likageuka. Walikula, wakasukana, wakaongea habari za pamba na za ng'ombe, na muda wote baba alikuwa chini ya gari kama mzigo, hasogei, hakohoi. Bibi alipoondoka, baba alitoka kifudifudi, ameumwa na siafu shingoni na masikioni, akaomba maji. Nikamwonea huruma, halafu nikakasirika. Kwa nini mtu ajifiche kwake mwenyewe?

Nilimwuliza Mama Zuhura, jirani yetu, mwenyeji wa Tabora, aliyekuwa akikaanga maandazi barazani kwake. Akacheka. "Ile heshima, mwanangu. Mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hasa kwenu, Wasukuma wa zamani wale!"

Heshima! Heshima niliyofundishwa shuleni ni kusimama mwalimu akiingia na kusema shikamoo kwa mikono miwili. Haikuwa kuruka dirisha na kiatu kimoja. Nikajua Mama Zuhura ananificha kitu, kwa sababu wakubwa wote walikuwa wakificha vitu. Nikakaa nikapata jibu langu mwenyewe, na nikaliamini kwa moyo wote: baba anamchukia bibi yangu. Kamfanyia jambo, au bibi kamfanyia yeye, na hawawezi kuonana bila kugombana, ndiyo maana mmoja anakohoa ili mwingine apate kukimbia. Nilimpenda baba na nilimpenda bibi. Usiku nilikuwa nasali wasije wakakutana barabarani.

Mwaka ule mvua zilianza na upepo, na habari zikaja kwamba bibi anaumwa. Mama akaenda kumuuguza, akaniacha na baba. Siku chache baadaye, mchana, likasimama lori la pamba mbele ya minyaa, utingo akaruka chini.

"Wewe ndiye Baba Minza? Mkeo anasema njoo na gari, haraka. Mama yake ana kichomi, hapumui vizuri. Zahanati wamesema apelekwe hospitali ya mjini, wao hawawezi."

"Sawa," akasema baba.

Nilijua zahanati iliposhindwa watu walibebwa kwa machela, na wengi hawakufika. Gari letu ndilo lililobaki. Nilimtazama baba achukue funguo. Yeye akachukua spana, akachukua msumari, akaingia chini ya gari.

Kweli gia zilikuwa zinasumbua wiki ile, siwezi kusingizia. Nilipanda, nikashika fri. Akakaza. "Moja!" Imeingia. "Mbili!" Imeingia. "Tatu! Ya nyuma!" Zote, zote, laini kama siagi, kiganja changu kilinishuhudia. Nikashuka nikipiga makofi. "Baba, zimeingia zote! Twende!"

Alitoka chini, akakaa mchangani, akautazama ule mkono wa gia kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliutazama muda mrefu sana. Halafu akarudi chini, na nikasikia spana inalegeza zile nati alizotoka kuzikaza.

"Shika fri tena," akasema.

Nilishika. Tukaanza upya. Zikaingia zote. Akalegeza tena. Zikaingia. Akalegeza. Jamani! Jua lilikuwa linashuka, nami sielewi kama ni mimi niliyekosea au gari limerogwa au baba amechanganyikiwa. Mama Zuhura akaja na sahani ya ubwabwa, akasimama kando ya gari.

"Baba Minza, bado tu? Mbona nasikia mtoto anasema zimeingia?"

"Mtoto anajua nini habari za gia," baba akajibu kutoka chini.

Mimi! Mimi niliyekaa juu ya klachi ile tangu sijaota meno ya mbele! Nililia pale pale mbele ya usukani, na sikulia kwa kutukanwa tu. Nililia kwa sababu sasa nilikuwa na uhakika. Baba hataki bibi apone. Gari ni zima, analiharibu makusudi ili mama asubiri bure. Nilikula ubwabwa ule huku nikimwangalia anavyonawa mikono kwa mafuta ya taa, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa baba yangu.

Tuliondoka asubuhi, baada ya kujaribu gia mara nyingine. Tulipofika kijijini hakulifikisha gari nyumbani. Alilisimamisha mbali, upande wa zizi la ng'ombe, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya zizi akitazama porini. Wanawake ndio waliombeba bibi wakamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Alikuwa amekonda, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Nikamwambia shikamoo, akaitikia kwa macho.

Mama akamfuata baba kule zizini. Nilimfuata mama.

"Umechelewa," mama akasema.

"Gia," akasema baba, bado anatazama porini.

Mama akanigeukia mimi, akanitazama. Nikatazama kwato za ng'ombe.

Safari ya kurudi ilikwenda vizuri mpaka mbugani, kwenye ule udongo mweusi, mvua ikaanguka. Haikunyesha, ilianguka. Mama akapiga ngumi juu ya paa. Baba akasimamisha, na mama akawa chini tayari, nywele zimemganda usoni.

"Analowa! Mtu ana kichomi, analowa! Anakaa mbele."

Baba alishuka, akasimama kwenye mvua ameshika mlango. "Mama Minza, mbele kiti ni kimoja."

"Nakiona."

"Nitakaaje naye kiti kimoja? Mimi na mama mkwe? Haiwezekani."

"Sasa unataka mama yangu afe, halafu hiyo heshima yako tuipike tule?" Mama alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja. Sikuwahi kumsikia akimsemesha baba hivyo, wala sikusikia tena.

Baba alisimama, maji yanamtiririka kwenye kope. Nilidhani atasema yaya, yaani hapana ya kwetu, na mambo yaishe hapo. Akasema, "Minza, wewe kaa katikati. Kaa wima. Usisinzie."

Ndivyo tulivyokaa. Bibi kwenye mlango wa kushoto, amejifunika kanga kichwa kizima, amegeukia kioo. Baba kwenye usukani, shingo ameipinda kulia hata nikashangaa anaonaje barabara. Mimi katikati, wima, ukuta. Mama alibaki nyuma amejifunika godoro. Nilikuwa nimebanwa na watu wawili ninaowapenda, na niliogopa kupumua, nikidhani nikisogea tu ule ugomvi wao mkubwa utalipuka. Kilichosikika ni mvua na kifua cha bibi.

Kwenye kijito fulani gari lilizama matairi ya nyuma. Baba akatoka ya kwanza kwenda ya nyuma, ya nyuma kwenda ya kwanza, alichomoe, na katikati ya kuhangaika huko nikasikia ule mlio. Mkono ukaganda. Haupandi, haushuki. Gia mbili zimeng'ang'aniana. Mama akashuka, akakimbilia kijiji tulichokipita kutafuta vijana wa kusukuma. Baba akafungua boneti, akainamia ndani, na nikamsikia anajisemea, "Nati imekwisha meno. Nimeikaza na kuilegeza mpaka imekwisha meno."

Akaniita. Mkono wake haukuenea mle ndani na spana na msumari kwa pamoja, alihitaji mkono mdogo uushike msumari. Nikashuka matopeni, nikapanda juu ya bampa, nikaingiza mkono alipoonyesha. Akarudisha vile vipande vya chuma sawa, matundu yakatazamana, nikapitisha msumari. Ndipo wote wawili tulipoelewa. Mimi niko huku. Nani atashika fri?

Baba aliinamisha kichwa ndani ya injini.

"Minza," akasema, "mwambie aliye ndani ashike mkono wa gia."

Kioo cha upande kilikuwa hakifungi. Bibi alikuwa karibu yetu kabisa. "Si amesikia, baba?"

"Mwambie!"

"Bibi, baba anasema ushike mkono wa gia."

Kanga ikatikisika. Sauti ikatoka, nyembamba. "Mwambie baba yako, mkono wa gia ndio upi?"

"Mwambie ule unaochomoza kwenye usukani, unaomwelekea yeye," akasema baba kabla sijafungua mdomo.

Nikasema. Kiti kikalia, bibi anajivuta. Alipumzika. Akajivuta tena. "Mwambie nimeushika. Mwambie unatetemeka, au ni mimi ninayetetemeka, sijui."

"Anasema..."

"Nimesikia," baba akasema, halafu akajirudi haraka, "yaani, mwambie auweke katikati. Aushike hapo, asiuachie."

Nilipeleka maneno huku na huku kama mjinga, umbali wa mkono mmoja, watu wawili wanaosikiana kila neno. Nati ikakataa kushika. Baba akasema mwambie anahitaji kipande cha kitambaa, chembamba. Nikasikia kanga inachanika, mkono wenye mifupa mitupu ukatoa kipande dirishani, nikakichukua kwa mkono wangu wa bure nikampa baba, akakizungusha kwenye meno ya bolti. Na mimi kwa kuchoka na baridi nikachanganya. Nikamwambia bibi, "Baba, kaza nati!" Nikamgeukia baba, "Bibi, usiuachie!"

Halafu ndani ya gari bibi akaanza kucheka. Kicheko na kikohozi vikagombana kifuani mwake, kicheko kikashinda. Nikamtazama baba aone aibu kwa niaba yangu, nikakuta ameficha uso kwenye kwapa lake na tumbo linaruka. Baba alikuwa anacheka na bibi! Watu wanaochukiana! Nilisimama juu ya lile bampa na msumari wangu, sijui hata nicheke au nilie.

Nati ikashika. Baba akajifuta uso. "Mwambie amefanya vizuri sana. Mwambie wabeja."

"Bibi, baba anasema wabeja, anakushukuru."

Kanga ikasogea dirishani. "Mwambie na yeye wabeja kwa kuja," akasema. "Mwambie nimelisikiliza gari lake tangu jana."

Sikuhitaji kumwambia baba, alikuwa amesikia. Alifunga boneti polepole sana, akaibonyeza kwa viganja viwili, akabaki ameiegemea. Mpaka leo sijui bibi alikuwa anamshukuru au anamlaumu. Sauti yake haikuwa na hasira. Lakini tangu jana ni tangu jana.

Mama alirudi na vijana na jozi ya maksai, tukachomolewa, gia zikaingia zote mpaka hospitalini. Wakampokea vizuri, wakamwekea dawa za sindano. Nesi mmoja alimwambia mama, kwa upole, kwamba kichomi kingewahiwa mapema kidogo ingekuwa rahisi. Hakusema mapema kiasi gani. Baba alikuwa nje ya mlango, akasikia, akaenda kukaa garini.

Kila siku alileta uji kwenye chupa ya chai. Alisimama nje ya wodi, chini ya dirisha la bibi, mgongo ukutani, mimi nikaingiza chupa na kutoka na habari. Kala vijiko kadhaa. Kalala. Kauliza habari za gari. "Kauliza nini?" Kauliza kama gia zinaingia. Baba alitikisa kichwa. Wiki haikuisha, bibi akafariki alfajiri mama akiwa amemshika mkono.

Siku ile, katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, mama alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa makavu. "Minza. Ile siku lori lilipoleta habari. Gari lilikuwa bovu kweli?"

Nilifungua mdomo. Niliona gia zinaingia zote. Niliona baba anazilegeza. Niliona pia nati iliyokwisha meno, na yule mtu kwenye mvua, na tumbo linaloruka kwa kicheko. Nilimwambia, "Sijui, mama," na ilikuwa kweli. Labda alikuwa anavuta muda, anaogopa kukaa kiti kimoja na mkwewe kuliko alivyoogopa kifo cha bibi. Labda aliziweka sawa na kuziweka sawa tena kwa sababu hakutaka gari lizime njiani na mama wa mkewe ndani, akaziharibu kwa kuzipenda mno. Nimekuwa mtu mzima, nimeendesha magari, nimekuwa mama mkwe mimi mwenyewe, na kila mwaka naamua moja, mwaka unaofuata naamua jingine. Mama hakuuliza tena. Alizeeka na baba, alimpikia, alimzika, na hakuuliza.

Tulimrudisha bibi kwao kwa pikapu ile ile. Yeye nyuma, amevikwa sanda, mama na wanawake wamemzunguka wakiimba. Mbele tulikuwa baba na mimi tu, na kile kiti kirefu chote. Hakuwa na sababu ya kupinda shingo tena, lakini aliipinda. Barabara ilikuwa imekauka. Tulipopita kile kijito alipunguza mwendo, akaweka gia ya kwanza, ikaingia.

"Minza," akasema, anatazama mbele. "Bibi yako, sura yake ilikuwaje?"

Sikuelewa. Nikamtazama. "Sura ya bibi? Si unamjua?"

"Sijawahi kuiona," akasema baba. "Hata siku moja."

Basi nikamweleza, jinsi mtoto anavyoweza. Nikasema alikuwa mweusi kuliko mama, ana mashimo mashavuni, nyusi hazionekani, mdomo wa chini mkubwa. Nilisema haraka haraka, nikamaliza. Baba alikuwa analia, wazi, bila kujifuta, mikono yote miwili kwenye usukani. Akaniambia nianze tena, niseme polepole, nianzie kwenye paji la uso.